Wasomaji Wanauliza: Sekstanti za Kale Zilizobaki Ujiji, Kigoma na Tabora

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya sekstanti, tukawaomba wasomaji walio na vyombo vya aina hiyo majumbani watuandikie. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi zimetoka Ujiji, Kigoma na Tabora, mamia ya kilomita kutoka baharini. Leo ninajibu tano kati yake. Nimechagua zile zinazohusu vyombo ambavyo hata muuzaji mzoefu wa vitu vya kale huweza kuviita kwa jina lisilo lake.

Kwanza nieleze jambo moja ambalo majibu yote yanalitegemea. Sekstanti hupima pembe iliyopo kati ya vitu viwili vinavyoonekana, hasa kati ya jua au nyota na upeo wa macho, ili mpimaji apate kukokotoa mahali alipo. Chini ina tao lenye nyuzi, katikati ina mkono unaozunguka, juu ya mkono kuna kioo kinachogeuka nao, na pembeni kuna kioo cha pili kisichogeuka, ambacho nusu yake imepakwa fedha na nusu iko wazi. Kioo kinapogeuzwa kwa uzi mmoja, mwale unaoakisiwa hugeuka kwa nyuzi mbili, na ndiyo maana tao ambalo ni sehemu ya sita tu ya duara, yaani nyuzi 60, huandikwa namba mpaka 120. Oktanti ni sehemu ya nane ya duara na husoma mpaka 90. Kwa hiyo, kabla hujasoma jina lolote lililochongwa kwenye chombo chako, soma tao. Jina huweza kuchongwa na mtu yeyote, wakati wowote, lakini tao lililogawanywa vibaya halirekebishiki, na lililogawanywa vizuri haliigiziki kwa urahisi.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yetu, aliyewahi kufanya kazi katika majahazi ya pwani kabla ya kuhamia huku, alituachia chombo cha mbao nyeusi chenye umbo la pembetatu. Chini kina ukanda mweupe wenye namba kutoka 0 hadi 90 na ziada kidogo. Hakina darubini, bali kipande cha shaba chenye matundu mawili madogo. Katikati ya ukanda kuna herufi S, B na R. Wajomba wanashikilia kwamba ni sekstanti ya Livingstone. Je, ni kweli, na tukisafishe kwa kitu gani? — Msomaji wa Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, mlicho nacho ni oktanti, na ninawapongeza kwa kuzisoma namba za tao badala ya kuishia kwenye rangi ya mbao. Chombo cha aina hii kilielezwa na John Hadley mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1731, na katika miaka hiyohiyo Thomas Godfrey wa Philadelphia alikuwa amefikia wazo lilelile kwa njia yake mwenyewe. Oktanti za mwanzo zilikuwa kubwa, nyingine zikiwa na mkono wa karibu nusu mita, kwa sababu nyuzi zilichorwa kwa mkono na zilihitaji nafasi ili zisomeke. Jesse Ramsden, mtengenezaji wa vyombo wa London, alipokamilisha mashine yake ya kugawanya nyuzi katikati ya miaka ya 1770, vyombo vilianza kupungua ukubwa bila kupoteza usahihi. Kama mkono wa oktanti yenu hauzidi sentimita 30 au 35 na mwisho wake una kipimo kidogo cha vernia, yaani kijitao cha kusomea sehemu ndogo za uzi, basi imetengenezwa baada ya badiliko hilo. Kama badala ya vernia mngeona mistari ya mshazari iliyokatwa na mistari ya tao, ingekuwa ya zamani zaidi, nami ningewasihi msiiguse mpaka mtu wa makumbusho aione.

Herufi SBR ni za Spencer, Browning & Rust, watengenezaji wa London walioanza kazi pamoja mwaka 1784 na ambao jina lao liliendelea mpaka karibu mwaka 1840. Hapa ndipo wengi hukosea. Herufi hizo katikati ya tao huonyesha ni mashine ya nani iliyogawanya nyuzi, wala si lazima zionyeshe ni nani aliyeunganisha chombo au aliyekiuza. Kampuni hiyo iliwagawanyia watu wengine matao, kwa hiyo msishangae mkikuta kwenye kibao kidogo cheupe cha fremu jina jingine kabisa, la duka la bandari fulani au la nahodha aliyekuwa mmiliki wa kwanza. Ramsden naye aliweka alama ya nanga kwenye matao yaliyotoka katika mashine yake, na alama hiyo isomwe kwa tahadhari hiyohiyo.

Ukanda mweupe ni pembe ya ndovu au mfupa. Chukueni lenzi ya kukuzia mkauangalie kwenye mwanga wa dirisha: mfupa huonyesha vinukta na vimistari vyeusi vifupi, ambavyo ni njia za damu za mnyama alipokuwa hai, ilhali pembe ya ndovu huwa laini, yenye mikondo myembamba kama ya mti uliorandwa vizuri. Mbao nyeusi ni abunusi, ambayo kwa macho yetu hufanana sana na mpingo. Msomaji wa Ujiji hahitaji kuelezwa pembe za ndovu zilipita njia gani kwenda pwani katika karne ya 19. Inanigusa kufikiri kwamba kitu kilichotoka bara kikiwa mzigo begani huenda kilirudi bara kikiwa kipimo cha nyota, ijapokuwa kwa ukanda wenu mahususi hakuna awezaye kuthibitisha.

Kuhusu Livingstone, ninalazimika kusema kwamba chombo chenyewe kinapinga. Msafiri wa nchi kavu hana upeo wa maji, hivyo hupima jua na taswira yake ndani ya bakuli la zebaki, na pembe anayoipata huwa mara mbili ya urefu halisi wa jua. Oktanti inayokomea 90 ingemruhusu kupima jua lisilozidi nyuzi 45 juu ya upeo. Chombo hicho ni cha baharini, na oktanti za mbao ziliendelea kutumika katika meli za biashara kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu kuliko sekstanti ya shaba. Simulizi ya babu yenu aliyekuwa kwenye majahazi inaafikiana na oktanti kuliko simulizi ya wajomba. Tafadhali iandikeni sasa, wangali hai watu waliomsikia akieleza: alikipata bandari gani, kwa nani, na alikuja nacho Ujiji kwa njia ipi. Karatasi hiyo wekeni ndani ya sanduku la chombo.

Mnauliza mkisafishe kwa kitu gani. Msitumie ndimu na majivu kama tunavyosugua masinia, wala dawa ya kung'arishia shaba, wala msasa. Maji yakiingia kwenye pembe ya ndovu huifanya ijikunje na kupasuka, na wino uliojazwa kwenye mistari ya nyuzi hutoka, nao ukishatoka chombo kimepoteza sauti yake. Brashi laini kavu ya kupakia rangi inatosha kuondoa vumbi. Shaba iliyogeuka kahawia iacheni hivyohivyo, kwa sababu rangi hiyo ni ushahidi wa umri wake. Na mtu akija na fedha mkononi akitaka kukipeleka nje ya nchi, kumbukeni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihusu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kwamba pembe ya ndovu ina masharti yake mazito kimataifa. Nendeni kwanza kwa maofisa wa mambo ya kale.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina kopo la shaba la mviringo, kubwa kidogo kuliko kopo la dawa ya viatu. Kwa miaka mingi nilidhani ni dira, lakini halina sindano. Mfuniko unafunguka kwa kuzungushwa, na chini yake kuna tao dogo la fedha, lenzi juu ya kijiti na vitasa viwili pembeni. Pia limechongwa alama kama unyayo wa kuku. Ni kitu gani? — Msomaji wa Isevya, Tabora

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Umekieleza vizuri kiasi kwamba nimekiona kabla ya kufungua picha yako. Hiyo ni sekstanti ya mfukoni, ambayo vioo vyake vyote viwili vimefichwa ndani ya kopo. Ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 na ikaendelea hadi karne ya 20, ikiwafaa zaidi wapimaji ardhi na maofisa wa jeshi kuliko mabaharia. Kipenyo chake kwa kawaida ni sentimita 7 au 8. Mfuniko uliouzungusha ukaufungua, ugeuze uufunge upande wa chini: utagundua kwamba umekuwa mshikio. Kitu hicho peke yake huwafanya watu wengi watabasamu mara ya kwanza wanapokijaribu.

Vitasa viwili vya pembeni huingiza na kutoa vioo vya rangi nzito kwa ajili ya kutazama jua. Kirungu cha juu huzungusha mkono, nayo lenzi iliyo juu ya kijiti ni ya kusomea vernia, ambayo katika vyombo hivi hutofautisha dakika moja ya tao, yaani sehemu ya sitini ya uzi mmoja. Tazama pia juu ya kopo kama kuna kitu kidogo kama skrubu chenye kichwa cha kushika kwa vidole. Huo ni ufunguo, na umefungwa hapo ili usipotee. Sehemu nyingine utaona vichwa vidogo vya mraba ambavyo ufunguo huo unaingia barabara. Hivyo hurekebisha kioo kisichogeuka. Nakuomba usivizungushe kwa nguvu, kwa maana baada ya miaka mingi bila mafuta huvunjika kabla ya kulegea.

Alama ya unyayo wa kuku ni mshale wa serikali ya Uingereza, uliowekwa kwenye mali zake tangu meli na mizinga mpaka kamba na majembe. Inathibitisha kwamba chombo chako kiliwahi kuwa mali ya serikali hiyo. Haithibitishi kilifika Tabora lini. Mji wako ulitekwa na majeshi ya Ubelgiji tarehe 19 Septemba 1916, kisha ukaingia mikononi mwa Waingereza, nao walikaa mpaka uhuru; kipindi hicho chote kina nafasi ya kutosha kwa mpimaji mmoja kusahau kopo lake au kumwachia msaidizi wake. Kama karibu na mshale kuna mwaka uliochongwa, nitumie, kwa sababu vyombo vya jeshi mara nyingi viliandikwa mwaka, na hapo tutaacha kubahatisha.

Ukitaka kujua kama bado kinapima, simama uwanjani asubuhi, weka mkono kwenye sifuri, kisha utazame kitu kilicho mbali sana, kwa mfano mnara wa simu ulio ng'ambo ya mji. Utaona mnara na taswira yake. Vikiwa vimeungana kuwa kimoja, vioo vimetulia. Vikiwa vimeachana kidogo, sogeza mkono mpaka viungane, usome kiasi cha tofauti na ukiandike: hiyo ni kasoro ya chombo, utaitoa au kuijumlisha katika kila kipimo. Vikikataa kabisa kukutana, kimoja kikipita kushoto na kingine kulia, ndipo kioo kimeinama.

SWALI: Katika nyumba ya urithi tumekuta sanduku lenye bakuli jembamba la chuma, kijumba cha vioo viwili vilivyoegemeana kama paa, na chupa ndogo ya chuma iliyo nzito ajabu. Tukiitikisa tunasikia kitu kizito kikicheza ndani. Fundi mmoja amesema ni sehemu ya sekstanti. Je, tuifungue chupa? — Msomaji wa Kwihara, Tabora

JIBU: Msiifungue. Ndani kuna zebaki, kitu ambacho wachimbaji wadogo wa dhahabu wanakijua vizuri na madhara yake wanayajua pia. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na matone yake yakimwagika kwenye sakafu ya udongo hujificha kwenye nyufa yasipatikane tena. Isimamisheni chupa wima, mahali penye hewa, mbali na jiko na watoto. Mwenye kuishika asivae pete, kwa sababu zebaki huila dhahabu, na chupa yenu ni ya chuma kwa kuwa chuma hakiliwi nayo. Kwa sababu hiyo pia zebaki haipaswi kukaribia sekstanti yenyewe, ambayo ni ya shaba.

Sasa niwaeleze mlichokipata, maana kwa maoni yangu ni nadra kuliko sekstanti. Ni upeo wa bandia. Baharini mpimaji hutumia mstari ambapo maji hukutana na anga. Tabora hakuna mstari huo. Kuna miombo, na nyuma ya miombo kuna miombo mingine. Zebaki iliyomiminwa kwenye bakuli hutulia na kuwa kioo kilichosawazika kabisa, kuliko meza yoyote iliyorandwa na fundi. Mpimaji alipiga goti mbele ya bakuli, akaweka paa la vioo juu yake ili upepo usitikise uso wa zebaki, akatazama jua lililo ndani ya bakuli moja kwa moja, kisha kwa mkono wa sekstanti akalishusha jua la mbinguni mpaka duara hizo mbili zikagusana ukingoni. Pembe aliyoisoma aliigawa kwa mbili. Angalieni paa lenu kwa makini: huenda upande mmoja una alama ndogo iliyokwaruzwa. Alama hiyo ilimkumbusha mpimaji kuligeuza paa katikati ya kazi, ili kasoro ya unene wa kioo kimoja ifutwe na kasoro ya kingine.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa Tabora wanaweza kulielewa haraka kuliko mtu wa Ulaya. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hapa ni la utosini. Mwezi Machi na Septemba, siku ambazo usiku na mchana hulingana, urefu wake adhuhuri ni nyuzi 85, na katika zebaki pembe inakuwa 170. Tarehe 21 Juni, jua likiwa mbali kabisa upande wa kaskazini, urefu ni karibu nyuzi 61 na nusu, nayo pembe ni 123. Sekstanti ya kawaida husoma mpaka 120, nyingine huongeza kidogo. Maana yake ni kwamba karibu mwaka mzima msafiri aliyekaa Tabora hakuweza kupima jua la adhuhuri kwa zebaki, hata kama chombo chake kilikuwa bora kiasi gani. Alilazimika kukesha. Alipima nyota zinazopita mstari wa kaskazini na kusini zikiwa chini chini, na jua alilitumia asubuhi au alasiri kwa ajili ya kusahihisha saa yake. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Mwenzao Cameron, aliyekuwa ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, alikuwa Kwihara mwaka 1873 wakati wabebaji wa Livingstone walipopita na mwili wake, naye akachukua baadhi ya vifaa vya kupimia vya marehemu kwa safari yake. Ninayataja hayo ili mjue kwamba upeo wa bandia ulifanya kazi kweli katika eneo lenu. Siyataji ili mseme sanduku lenu ni la mmoja wao. Bila jina, namba au karatasi, liandikeni tu kwamba ni upeo wa bandia uliokutwa Kwihara, na hilo peke yake linatosha kuwafurahisha watu wa makumbusho.

SWALI: Nimenunua sekstanti ya shaba inayong'aa, ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo. Imeandikwa Kelvin & Hughes, London, 1917. Aliyeniuzia amesema ilitolewa kwenye meli ya Wajerumani iliyozamishwa hapa ziwani, ambayo leo ndiyo MV Liemba. Nimelipa fedha nyingi. Nimefanya vema? — Msomaji wa Gungu, Kigoma

JIBU: Ndugu yangu, inaniuma kukuandikia hivi, lakini ni afadhali uyasikie kwangu kabla hujaongeza fedha nyingine. Meli unayoitaja, Graf von Goetzen, ilijengwa na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikashushwa majini mwanzoni mwa mwaka 1915 na ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Chombo kilichoandikwa 1917 hakiwezi kuwa kilikuwamo. Zaidi ya hapo, Kelvin & Hughes lilikuwa halijazaliwa. Kampuni ya Henry Hughes & Son ilikuwepo, ikitengeneza sekstanti nzuri sana London, lakini iliungana na kampuni iliyorithi kazi za mwanasayansi Lord Kelvin mwaka 1947, na hapo ndipo majina hayo mawili yalipoandikwa pamoja. Maandishi ya 1917 yenye majina hayo yanajulikana duniani kote kuwa alama ya mapambo ya kisasa yanayotengenezwa kwa wingi.

Usiniamini kwa neno langu pekee, kichunguze mwenyewe. Katika sekstanti halisi ya wakati ule tao la shaba limepachikwa ukanda mwembamba wa fedha, na mistari ya nyuzi imekatwa humo ikiwa myembamba kama unywele, yenye nafasi sawasawa hata chini ya lenzi. Kwenye mapambo mistari ni minene, imechomwa kwa dawa, na kingo zake zimevimba. Geuza chombo uone nyuma ya vioo: chombo cha kazi kina skrubu ndogo za kurekebishia kila kioo, cha pambo kina kioo kilichogundishwa. Sekstanti ya baharia hukaa katika sanduku imara lenye nafasi iliyochongwa kwa kila darubini yake, na chini ya mfuniko mara nyingi kuna cheti cha ukaguzi, kwa Uingereza kikitoka kituo cha ukaguzi cha Kew au, baada ya hapo, maabara ya taifa iitwayo National Physical Laboratory. Kifuniko cha kioo ni cha duka la zawadi.

Jaribio la mwisho lifanye angani. Usiku wa Januari au Februari, pima pembe iliyopo kati ya Sirius na Canopus, nyota mbili zinazong'aa kuliko zote za usiku. Mabaharia wa pwani yetu waliijua Canopus kwa jina la Suheli, jina ambalo Kiswahili kimelichukua kuwa upande wa kusini. Kati ya nyota hizo kuna nyuzi 36 na kidogo. Chombo cha kweli, hata kikiwa kimechakaa, kitakupa namba iliyo karibu sana na hiyo ukishaondoa kasoro ya sifuri niliyomweleza msomaji wa Isevya. Chako kikikupa 33 au 40, rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na jarida hili mkononi, umwombe kwa utulivu akurudishie fedha. Huenda naye alidanganywa.

SWALI: Sekstanti yangu haina jina, lakini tao lake linaendelea mpaka 145. Nimesoma kwamba sekstanti hukomea 120. Je, yangu imekosewa? — Msomaji wa Katubuka, Kigoma

JIBU: Haijakosewa. Gawanya 145 kwa mbili utapata nyuzi 72 na nusu, ambazo ni zaidi kidogo ya sehemu ya tano ya duara. Chombo cha namna hiyo huitwa kwintanti, ijapokuwa mabaharia wengi hawakujali tofauti hiyo wakakiita sekstanti tu. Kilipendwa na wapima pwani, waliohitaji kupima pembe kubwa kati ya alama mbili za nchi kavu huku wameshika chombo kimelala, na kiliwafaa pia wasafiri wa bara kwa sababu niliyomweleza msomaji wa Kwihara. Picha yako inaonyesha ukanda wa fedha wenye mistari myembamba na skrubu tatu nyuma ya kioo cha upeo, yaani kile kisichogeuka, kwa hiyo ukosefu wa jina usikuvunje moyo. Vyombo vingi vizuri viliuzwa bila jina ili muuzaji aweke lake.

Una bahati ambayo wenye sekstanti za kawaida hawana. Tarehe 21 Desemba, adhuhuri ya Kigoma, jua litakuwa karibu nyuzi 71 na nusu upande wa kusini, na pembe ya jua na taswira yake itakuwa takriban 143, ndani ya tao lako. Huna haja ya zebaki. Weka mafuta meusi ya injini kwenye sahani pana iliyokingwa na upepo, au asali nzito ya Tabora ukiipata iliyo nyeusi, uiache itulie. Ingiza vioo vya giza vya pande zote mbili kabla hujaweka jicho, kwa sababu jua lililo ndani ya sahani huumiza jicho sawa na lililo angani. Anza dakika 20 kabla ya adhuhuri ya jua, ambayo kwa Kigoma siku hiyo huja karibu na saa saba kamili mchana, kwa kuwa saa zetu zinafuata sehemu iliyo mashariki zaidi kuliko hapa. Andika kila kipimo na wakati wake mpaka namba zitakapoacha kupanda na kuanza kushuka, kisha nitumie karatasi hiyo pamoja na picha ya tao.